Chupa Mbili Dirishani Buterere

Januari 2023, kipindupindu kilipotangazwa Bujumbura, mpwa wangu alikuwa akipita nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Buterere kuwafundisha majirani kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Alikuwa amekariri vizuri, na sauti ya ualimu anayo. Nyumba ya nne au ya tano, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamwuliza: “Chumvi naelewa, mwanangu, jasho na machozi yote ni chumvi. Lakini sukari ya nini?”

Hakuwa na jibu. Jioni akanipigia simu.

“Shikamoo mjomba. Leo nimeona haya. Nimewaambia watu waweke sukari kwa sababu karatasi imesema waweke sukari.”

Mpwa wangu ana shahada ya lugha. Anasoma Kifaransa na Kiingereza bila kuguna, Kirundi ni cha nyumbani, Kiswahili ni cha mtaani na sokoni, kama ilivyo kwa wengi wa kaskazini ya Bujumbura. Lakini alitengwa na kemia akiwa na umri wa miaka kumi na sita hivi. Katika mfumo wa wakati wake, mwanafunzi alimaliza darasa la kumi, kisha akagawiwa mkondo: huyu sayansi, huyu uchumi, huyu ualimu, huyu fasihi na lugha. Mfumo ule umebadilika tangu sheria ya elimu ya 2013 ilipoleta shule ya msingi ya miaka tisa, ila mgawanyo haukuondoka. Umehamia darasa jingine tu. Na mtoto aliyewekwa upande wa lugha hufunga daftari la kemia siku hiyo, mara nyingi asilifungue tena maishani.

Jibu la swali la yule mama ni miongoni mwa mambo mazuri kuliko yote ambayo binadamu aliyagundua karne iliyopita, nami nataka nilieleze hapa kwa sababu makala haya yamezaliwa humo. Katika ukuta wa utumbo mwembamba mna vijilango vya protini. Kipindupindu kinapoushika utumbo, maji humwagika nje kwa kasi, na chumvi ukiinywa peke yake hupita tu bila kuingia mwilini. Lakini kuna kijilango kimoja ambacho kipindupindu hakikiharibu, nacho hakiipitishi sodiamu ya chumvi mpaka ije imeshikana mkono na glukosi. Zikiingia hizo mbili, maji huzifuata. Sukari, basi, haiwekwi ili kumpa mgonjwa nguvu wala kumbembeleza mtoto anywe. Kazi yake ni kufungua mlango. Mwanabiokemia Robert Crane aliieleza siri hiyo katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wa vita vya Bangladesh walipokuwa wakifa kwa kipindupindu katika kambi ya Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuwanywesha mchanganyiko huo kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Nilipomaliza kumweleza, simu ilinyamaza kidogo. Kisha akasema: “Mjomba, nataka kurudi kusoma. Lakini si lugha.”

Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana sikujua nimwambie aende wapi.

Huko Marekani swali lake lina jibu lililozoeleka. Udaktari kule hausomwi moja kwa moja baada ya sekondari kama kwetu. Mtu hupata kwanza shahada yoyote, hata ya historia au muziki, ila lazima awe amepita ngazi za lazima: mwaka wa biolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kaboni, mwaka wa fizikia, na karibu yote hayo pamoja na saa za maabara. Aliyemaliza shahada yake bila ngazi hizo hurudi kuzipanda baadaye. Vyuo vingine vimepanga safari hiyo kwa utaratibu kamili, pamoja na mshauri, ratiba, na barua ya kamati mwishoni. Cha kwanza kufanya hivyo kilikuwa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, mwaka 1955. Lakini watu wengi hawaendi kwa njia hiyo ya gharama. Hujipangia wenyewe. Huchukua somo moja moja katika madarasa ya jioni ambayo vyuo vikuu huyafungulia umma, mchana wakiwa kazini, usiku wakiwa na miwani ya maabara usoni. Hakuna anayewasimamia. Muhula huu kemia, ujao kemia tena, halafu fizikia, na mwisho mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, ambao unachukua karibu siku nzima.

Madarasa hayo ya umma yana historia ndefu, na naipenda kwa sababu ilianza kwa watu waliofungiwa nje. Mwaka 1867, Mskoti kijana wa Cambridge aitwaye James Stuart alianza kwenda miji ya kaskazini ya Uingereza kuwafundisha wanawake elimu ya nyota, wakati ambapo chuo chake chenyewe hakikumpa mwanamke shahada. Akawafundisha pia mafundi wa reli wa Crewe. Cambridge ilikubali utaratibu huo rasmi mwaka 1873. Ng’ambo ya bahari, mjini Boston, tajiri John Lowell alikuwa ameacha wosia katika miaka ya 1830 kwamba fedha zake zigharimie mihadhara kwa watu wote, na kwamba kwa masomo ya juu ada isizidi thamani ya busheli mbili za ngano. Wosia huo ndio uliokuja kuongoza shule ya masomo ya umma ya Harvard ilipofunguliwa mwaka 1910.

Busheli mbili za ngano ni kilo 54 hivi. Nimejaribu kuipima ada hiyo kwa mizani ya Buterere: ni gunia moja la maharage na ziada kidogo. Gunia la maharage si kitu kidogo kwa mwalimu wa shule ya binafsi, lakini linafikika. Unaweza kulichangia kwenye chama cha akina mama, ukalipa polepole. Yule tajiri alielewa kwamba elimu ya mtu mzima ipimwe kwa chakula, kwa sababu mtu mzima anapolipa ada huwa anaitoa jikoni.

Warundi wanalo jina lao katika hadithi hii. Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi ikaungua, Deogratias Niyizonkiza alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Burundi, yuko mafunzoni katika hospitali ya mashambani. Aliponea chupuchupu, akatembea kwa miguu hadi Rwanda, na mwaka 1994 akajikuta New York akiwa na dola 200 na bila Kiingereza. Alibeba vyakula vya dukani kupeleka kwenye milango ya matajiri, akalala katika bustani ya Central Park. Kilichomrudisha kwenye kemia ni shule ya Columbia iliyofunguliwa mwaka 1947 kwa ajili ya askari waliotoka vitani na watu wazima wengine waliokatizwa masomo. Ni shule hiyohiyo inayosimamia ule utaratibu wa 1955. Huko akasoma biokemia na falsafa, baadaye afya ya jamii Harvard, kisha akaingia shule ya udaktari ya Dartmouth. Mwandishi Tracy Kidder aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 2009. Wakati huo tayari zahanati ilikuwa imesimama Kigutu, kwenye milima ya kusini inayolitazama Ziwa Tanganyika, chini ya shirika aliloanzisha, Village Health Works.

Watu husimulia habari yake kama muujiza wa mtu mmoja. Mimi natazama ule mlango. Mtu huyu alikuwa ameshasoma udaktari miaka kadhaa Bujumbura, na bado ilibidi aanzie chini, kwenye ngazi zilezile anazopanda karani wa benki wa Manhattan aliyeichoka benki. Lakini mlango ulikuwepo. Ulikuwa umejengwa kabla yake, kwa ajili ya watu wa aina yake, na haukumwuliza kwa nini amechelewa.

Nao Warundi wanaoupita mlango wa namna hiyo leo si wachache. Kuanzia 2007 Marekani iliwapokea maelfu ya waliokimbia mauaji ya 1972 pamoja na watoto wao kutoka kambi za Tanzania, wengi wakiwa wanaongea Kiswahili kuliko Kifaransa. Watoto waliozaliwa kambini sasa ni watu wazima. Ukizungumza nao wakija likizo, utasikia mmoja ana shahada ya kazi za jamii lakini usiku anasoma anatomia ili awe muuguzi. Hawalisimulii kama jambo kubwa. Kwao ni kama kubadili zamu kazini.

Kwetu je? Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na wazo hilo, tena mapema. Makerere ilifungua idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953, na walimu wake wakasambaa wilayani. Okot p’Bitek alikuwa mmoja wa walimu hao, kaskazini ya Uganda na baadaye Kisumu. Tawi la idara hiyo la Dar es Salaam ndilo lililokua likawa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kijana akafanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, kwa hiyo kwa miaka kadhaa darasa la Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lilijaa watu waliokwisha kushika jembe na chaki. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua madarasa ya kujilipia mwaka 1998, na jioni ya mjini ikajaa wanasheria na wahasibu watarajiwa.

Angalia lakini ni masomo gani yaliyotoka nje ya ukuta wa chuo: siasa, uchumi, lugha, ushairi, sheria, biashara. Yale yanayohitaji ubao na chaki tu. Kemia ilibaki ndani, kwa sababu ina mabomba, ina gesi, ina chupa za kuvunjika. Aliyeijaribu kwa dhati ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 na kuanza kufundisha 1994. Kilifungulia sayansi watu wa mbali, na kwa mafunzo ya vitendo kikawapeleka wanafunzi wake kwenye maabara za vyuo vingine. Kuazima maabara! Naliona hilo kuwa wazo kubwa kuliko majengo mengi ya vioo niliyowahi kualikwa kuyaona yakifunguliwa.

Nilimpelekea mpwa wangu nilichoweza. Kwanza ile kamusi ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1990, ili neno la Kifaransa linapomtia kizunguzungu alione kwa Kiswahili na kupumua. Halafu masomo ya bure ya kwenye mtandao, ambayo chuo cha MIT kilikuwa cha mbele kuyatoa tangu kilipotangaza mpango huo mwaka 2001. Aliyafuata kwa miezi. Anapakua usiku umeme ukiwepo, anatazama mchana ukikatika. Alijaza madaftari matatu. Alijua kueleza kwa nini chumvi huyeyuka na mafuta hayayeyuki, na siku moja alimrudia yule mama wa sukari akamchorea kijilango kwenye vumbi kwa kijiti.

Ila kila tulipozungumza, vitu viwili vilikuwa havipo, na hakuna bidii yake iliyoweza kuvijaza.

Cha kwanza ni mkono. Kudondosha asidi tone kwa tone ndani ya chupa, jicho likingoja ile sekunde rangi inapogeuka, na kukosea, na kuanza upya: hilo halisomwi kwenye skrini. Nilidhani zamani kwamba maabara ni pambo la somo, kitu cha kuthibitisha kile ambacho kitabu kimekwisha kusema. Nimebadili mawazo kabisa. Maabara ndiko mtu mzima aliyeogopa sayansi tangu utotoni hugundua kwamba vitu vinamtii na yeye pia. Asidi haiulizi ulisoma mkondo gani.

Cha pili ni karatasi. Wenzetu wa Marekani wanaojipangia somo moja moja huhangaika peke yao, lakini kila muhula wakimaliza hupewa alama zenye muhuri wa chuo, na wakiomba kuingia shule ya udaktari, alama zao za biolojia, kemia, fizikia na hisabati hupigiwa hesabu yake pekee. Aliyeharibu zamani anapata nafasi ya kuonyesha kwamba sasa anaweza. Mpwa wangu, hata akijua kemia yote ya mwaka wa kwanza, hana wa kumwandikia kwamba anaijua. Kwetu mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari ndio unaoamua nani aelekee wapi, na mtu huufanya mtihani ule akiwa kijana asiyejua hata kuchagua viatu.

Nimekaa nikitazama ramani ya kaskazini ya Bujumbura, na moyo unaniuma kwa namna ambavyo vitu vyote viko karibu. Kamenge kuna kitivo cha udaktari na hospitali yake ya kufundishia, ile watu wanayoiita Roi Khaled. Kutoka Buterere ni safari fupi ya baiskeli. Na Buterere yenyewe, mtaa unaotajwa kwa jalala la jiji na mafuriko, imekalia darasa la sayansi ambalo miji mingi ingelipia kulipata. Hapo kuna mabwawa ya kusafishia maji taka ya Bujumbura. Ni mabwawa ya wazi, yanayofanya kazi kwa jua na viumbe wasioonekana. Katika yale ya kwanza, yenye kina na yasiyo na hewa, bakteria huvunja uchafu na kutoa gesi. Katika yanayofuata, miani ya kijani hutengeneza oksijeni mchana, bakteria wengine huitumia, na adhuhuri uchachu wa maji hupungua kwa sababu miani imemeza kaboni dioksidi. Mwishoni kina ni kifupi, jua hupenya, na vijidudu vya maradhi hufa kwa mwanga na kwa muda. Kisha maji huelekea mto Kinyankonge na Ziwa Tanganyika, ambako jiji huvuta maji yake ya kunywa. Biolojia, kemia na fizikia ziko hapo ndani ya uzio mmoja, na upande wa pili wa uzio watu wamepanda lengalenga.

Mbu nao wana somo lao. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017. Wakazi wengi wanadhani mbu wa malaria anatoka kwenye mitaro yenye uvundo. Anayetoka humo kwa wingi ni kuleksi, mbu wa kelele za usiku. Anofelesi, mwenye malaria, hupenda maji safi zaidi yanayopigwa na jua: kishimo cha nyayo za ng’ombe baada ya mvua, kingo za mashamba ya mpunga. Ukiwafundisha watu wazima ishirini kutofautisha viluwiluwi wa mbu hao wawili, mmoja ananing’inia kichwa chini na mwingine analala sambamba na uso wa maji, umewapa ujuzi unaotumika siku hiyohiyo.

Ninachotaka nakisema wazi. Nataka chuo kimoja, cha umma au cha binafsi, kifungue mlango wa maabara Jumamosi mchana kwa watu wenye shahada za lugha, za sheria, za uhasibu, na hata wasio na shahada, kwa somo moja tu kwa muhula. Ada iwe gunia la maharage. Mwisho wa muhula pawe na mtihani, na karatasi yenye muhuri ambayo kitivo kingine kitakubali kuisoma. Hatuhitaji jengo jipya kwa hilo, na walimu wapo. Wasipokuwa madaktari wote watakaopita hapo, watakuwa wauguzi, wapimaji wa maji, wakufunzi wa afya, na walimu wa shule ya msingi wanaoweza kujibu swali la sukari.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa kemia, rafiki wa familia, alimpa mpwa wangu kichupa kidogo cha rangi ya buluu, methilini buluu, ile inayotumika kupima kama maji yana pumzi ya kutosha. Jaribio ni rahisi. Unajaza chupa pomoni, unatia matone machache, unafunga isibaki hewa, unaiweka gizani. Maji yakiwa na uchafu mwingi, bakteria humaliza oksijeni, na ikishaisha huigeukia rangi yenyewe na kuifuta. Alichukua chupa mbili za soda zilizooshwa kwa maji moto. Moja akaijaza bombani, nyingine kwenye mtaro unaopita nyuma ya nyumba yao. Akazifunika kwa kitenge, akaziweka kwenye kizingiti cha dirisha.

Siku ya pili alinitumia picha. Chupa ya bombani buluu, ya mtaro imekuwa kama maji ya mchele. Chini yake alikuwa ameandika saa, joto la chumba, na idadi ya matone. Kisha simu ikalia.

“Mjomba, niliitikisa ile ya mtaro baada ya kuifungua.”

“Ikawaje?”

“Buluu imerudi! Kidogo, juu juu, pale hewa ilipogusa.” Nilimsikia akifungua ukurasa. “Subiri, usiniambie kwa nini. Nataka niandike ninavyodhani kwanza.”